Nahalal: kijiji cha ushirika ambako kila familia ilikuwa na zizi lake

Kila nikisikia mtu anasema ushirika kwenye kilimo hauwezekani kwa sababu "ujamaa tuliuona" huwa naumia kweli, maana kuna namna nyingi za kushirikiana na ile iliyomkuta babu yangu, kuhamishwa mwaka 1974 na kupangiwa zamu kwenye shamba la kijiji, ni moja tu kati ya hizo. Leo nataka niwaeleze habari za Nahalal.

Nahalal ni kijiji kidogo kaskazini mwa Israeli, kwenye bonde la Yezreeli, lile lile la kwenye Biblia, na jina lenyewe limetoka kitabu cha Yoshua. Kilianza Septemba 1921, kabla hata nchi ya Israeli haijakuwepo, waanzilishi ni Wayahudi waliohamia kutoka Urusi na nchi za Ulaya Mashariki, wengi vijana. Baadhi yao walishaishi Degania, ile jamii iliyoanza 1910 ikawa mama wa kibutzi zote, ambako mfuko ni mmoja na mali ni ya wote. Sasa hapa ndo pananigusa. Hawakuondoka Degania kwa kuchoka kushirikiana, waliondoka kwa sababu walitaka kila familia iwe na jiko lake, ng'ombe wake na shamba lake, alafu ushirika ubebe yale ambayo mtu peke yake yanamshinda. Eliezer Yoffe alishaliandika wazo hilo kwenye kijitabu mwaka 1919, na kijiji cha namna hiyo kinaitwa moshavi. Nahalal ndo ilikuwa ya kwanza.

Masharti yao yalikuwa machache ila makali. Ardhi ni ya mfuko wa taifa wa Wayahudi, mkulima anakodishwa tu, hauzi. Hamna kuajiri vibarua, unalima mwenyewe na familia yako. Ukiugua, majirani wanakukamulia ng'ombe mpaka upone. Mbegu, mbolea na chakula cha mifugo mnanunua pamoja, maziwa na mayai mnauza pamoja. Yani ukiangalia vizuri, jembe ni la kwako, ila sokoni mnaenda wote.

Hata ramani inasema hivyo hivyo. Aliyeichora ni msanifu Richard Kauffmann, kijiji kina umbo la duara, katikati kuna majengo ya wote, nyumba zimezunguka, na nyuma ya kila nyumba shamba linatanuka kwenda nje kama kipande cha chungwa. Mashamba yalikuwa kama ekari 25 kila moja, sawa kwa sawa, na umbali wa nyumba za wakulima mpaka katikati ya kijiji unakaribiana. Ukiona picha yake kutoka angani hutaisahau.

Mwanzo ulikuwa mgumu, bonde lilikuwa kinamasi na malaria ilikuwa inaua, sisi tunaijua malaria hatuhitaji kuelezwa, wakachimba mitaro na kuzika mabomba mpaka maji yakatoka ndo wakateremka kujenga huko chini. Wanawake walibeba mzigo mara mbili, nyumba na mifugo, na hapo hapo Nahalal ikaanzishwa shule ya kilimo ya wasichana chini ya Hanna Maisel. Moshe Dayan, yule jenerali wa Israeli mwenye kitambaa jichoni, alikulia hapo na amezikwa hapo.

Lakini nisifiche, ushirika huo nao ulipata kipigo. Wakulima wa moshavi walikuwa wanadhaminiana mikopo, deni la mmoja ni la wote, na miaka ya 80 mfumuko wa bei na riba vilipopanda vibaya, waliolima vizuri wakajikuta wanadaiwa kwa ajili ya walioshindwa. Vyama vya kununua pembejeo kwa pamoja vikaanguka sehemu nyingi, watu wakaanza kujitegemea, na lile sharti la kutoajiri likalegea, siku hizi kazi kwenye mashamba mengi ya Israeli zinafanywa na vibarua kutoka Thailand. Yeyote aliyewahi kukatwa hela yake ya mazao kufidia deni asilolikopa, kama mimi kwenye chama chetu cha msingi, anaelewa uchungu huo. Mimi naona kudhaminiana kunafaa pale mnapojuana na mnapoweza kumwambia mtu hapana, kukizidi hapo ni hatari. Lakini hata hivyo walikaa zaidi ya miaka 60 wakiendesha mfumo huo, na walikuja kwa hiari, hamna aliyepakiwa kwenye lori. Wataalamu wa Israeli walikuja mpaka Tanzania miaka ya 60 kusaidia vyama vya ushirika na makazi mapya ya wakulima, kwahiyo hatukukosa wa kumuuliza.

Na kuna jambo ambalo wanaoisifia Nahalal hulipita haraka. Ardhi ilinunuliwa kutoka kwa familia ya Sursock, matajiri waliokaa Beirut, wakati waliokuwa wanaishi na kulima pale ni Waarabu wa kijiji cha Ma'lul. Karatasi ilikuwa halali, mlimaji hakuulizwa. Mwaka 1948 Ma'lul ikabomolewa, na Dayan mwenyewe mwaka 1969 aliwaambia wanafunzi wazi kwamba Nahalal imechukua nafasi ya kijiji hicho. Makanisa mawili ya Ma'lul na msikiti bado yapo, katikati ya miti iliyopandwa baadae, na watu wa kijiji hicho na watoto wao, wengi wako Nazareti na Yafa jirani yake, bado wanarudi kuyatembelea.