Pimeni Hewa ya Changamwe, Kusi na Kaskazi

Majuzi nilihudhuria kikao cha maoni ya wananchi kuhusu upanuzi wa barabara moja upande wetu huu wa bara magharibi, Mombasa, na tangu nitoke pale moyo haujatulia. Ripoti ya athari za mazingira ilikuwa kitabu kizima, Kiingereza kuanzia jalada hadi mwisho, na hewa wanayovuta wakazi wa kando ya barabara ilipewa nusu ukurasa. Hewa yenyewe ilipimwa siku moja tu. Jibu lao: athari ni ndogo.

Mama mmoja muuza mahamri aliyeketi nyuma akasimama, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mlipima mwezi gani?"

"Februari, mama," akajibu kijana aliyewasilisha ripoti.

"Basi hamkutupima sisi. Februari ni kaskazi, moshi wa bandarini waenda Mtongwe. Njooni mwezi wa saba."

Yule kijana aliandika kitu kwenye daftari lake, kikao kikasonga mbele kwenye habari za ajira za vijana. Mimi nilibaki palepale kwenye maneno ya yule mama. Kila nahodha wa jahazi aliyewahi kutia nanga hapa anajua alichosema, na kila mpango wa barabara Mombasa ulipaswa kuanzia hapo.

Kusi, upepo wa katikati ya mwaka utokao kusini, ikikaza, moshi wa meli na wa mitambo ya bandari ya Kilindini huja moja kwa moja Kipevu, Changamwe, mpaka Mikindani. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikirudi, ni zamu ya Likoni na Mtongwe. Na usiku upepo unapokufa, moshi hauendi popote, unatulia chini kimo cha kitanda. Sasa usiku ndipo matrela yanapopanga foleni. Dereva hazimi injini, maana foleni ikisogea hatua mbili asipokuwa tayari atapitwa, kwa hiyo injini inanguruma mpaka alfajiri huku nyuma ya ukuta watoto wamelala. Ukitaka kujua kinachoingia ndani, pitisha kidole asubuhi kwenye vioo vya dirisha la nyumba inayotazama barabara kuu. Si lile vumbi jekundu la vichochoroni. Ni masizi meusi yenye mafuta, ukiyapangusa kwa kitambaa kikavu yanazidi kupakaa, hayatoki mpaka utie sabuni. Nimewaona kina mama wakifua mapazia yaleyale wiki baada ya wiki. Mapazia yana sabuni. Mapafu hayana.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kiwango cha juu kinachopendekezwa cha chembe zile ndogo kabisa za hewani, za mikromita 2.5 kushuka chini, kuwa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo. Huo ni wastani wa mwaka mzima. Nauliza kwa uchungu: wastani wa mwaka unapatikanaje kwa kipimo cha siku moja ya Februari? Tena moshi wa dizeli huwa mzito kabisa ukingoni mwa lami na hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali, hata mita mia mbili au tatu zinatosha kubadili picha yote. Mtambo wa kupimia ukiuweka kwenye ua lenye miti nyuma ya ofisi, umempima mwenye ofisi. Muuza mahamri, fundi wa matairi, kondakta anayening'inia mlangoni, mtoto anayesubiri kuvuka kwenda shule, hao wote hawamo kwenye ripoti yako.

Ndiyo maana nasema, watafiti wa usafiri wakiniuliza waanze na lipi, jibu langu ni moja: pimeni pumzi ya anayeishi barabarani, pale anapoishi, saa anazoishi, mwaka mzima. Kisha chukueni daftari za zahanati za Changamwe, Jomvu na Miritini, mlinganishe miezi ya kikohozi na pumu na miezi ya upepo. Mambo ya tani ngapi zimepita na kontena ngapi zimetoka, hayo yanahesabiwa kila siku na watu wanaolipwa kuyahesabu.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu ya mtaa wa Owino Uhuru. Kile kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007, kikafungwa 2014, na wakazi walilalamika kwa miaka. Damu ilipopimwa na madini ya risasi, yale yenye sumu, yakaonekana ndani ya damu ya watoto, hapo ndipo maneno ya wakazi yalipopata miguu. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Katiba ya 2010 ilikuja kiwanda kikiwa bado kinafanya kazi, na ibara yake ya 42 inayompa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inayomruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila hata kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Lakini jaji huamua kwa ushahidi, na ushahidi wa hewa ya barabarani haujikusanyi wenyewe. Mtaa wa Owino Uhuru wenyewe uko Mikindani, hatua chache kutoka barabara hiihii ya matrela.

Marekani, ambako madai haya ya haki ya mazingira yalipata nguvu mapema, Rais Clinton alitia saini agizo tarehe 11 Februari 1994 la kuzitaka idara za serikali kuu, ya usafiri ikiwemo, ziangalie kama madhara ya mipango yao yanawaangukia zaidi maskini na watu weusi na jamii nyingine za wachache. Walikuwa na sababu: huko New Orleans barabara kuu ilipitishwa juu ya Claiborne, mtaa wa biashara wa watu weusi. Agizo hilo lilidumu miaka thelathini na ushei, Januari 2025 Trump akalifuta. Haki yetu sisi imo ndani ya katiba, haifutwi na kalamu ya mtu mmoja. Tunachokosa ni vipimo vya kuisimamisha.

Mengine nitayagusa tu. Kwenye hesabu za faida za barabara, saa ya mtu mara nyingi hupewa thamani kwa kufuata kipato chake, na matokeo yake nusu saa ya hamali anayesubiri feri inaonekana ni bure. Watu zaidi ya 300,000 kwa siku ndio takwimu iliyozoeleka kutajwa kwa kivuko cha Likoni, wengi wao kwa miguu, na bado mjadala wetu ni wa magari. Tarehe 29 Aprili 1994 MV Mtongwe ilipopinduka na kuua watu 272, walikuwa abiria wa miguu wakivuka kuja kisiwani. Kuna pia suala la nyumba bila shamba. Sisi wa Mombasa tunajua: ukuta na bati ni vyako, ardhi ni ya mwingine. Barabara ikija, fidia ya ardhi humfuata mwenye hati, mpangaji anaondoka na godoro lake. Waliohamishwa wafuatwe huko walikokwenda, waulizwe sasa wanalipa nauli kiasi gani kufika kazini.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba si kila kitu kimeharibika. Dizeli ya leo ina salfa kidogo kuliko ya kabla ya 2015. Reli ya kisasa ya SGR tangu 2018 imebeba kontena ambazo zingekuwa juu ya matairi. Daraja jipya la Makupa limerudisha maji yaliyozibwa tangu tuta lijengwe mwaka 1929. Na bandari ndiyo inayotulisha, nusu ya majirani zangu wanakula kwa kontena. Lakini haya ndiyo yanayotumiwa kutunyamazisha kila tukiinua mkono kikaoni, kana kwamba mtu akipata kibarua bandarini amekubali mwanawe apate pumu. Hakuna aliyekubali hivyo. Hakuna aliyeulizwa.

Basi kikao kijacho nitakwenda na haya. Mitambo midogo ya kupima chembe isimikwe raundabauti ya Changamwe, Magongo, Jomvu, Miritini, na ng'ambo ya pili Mtongwe na Likoni, kandokando ya lami, kimo cha mtoto. Ikae kuanzia Aprili hadi Machi, usiku na mchana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi pale Tudor wapewe kazi ya kuisoma pamoja na vijana wa mitaa yenyewe, walipwe. Matokeo yabandikwe kila mwezi, kwa Kiswahili, ofisi ya chifu, zahanati na sokoni. Na yule mama wa mahamri awe kwenye kamati inayoamua mtambo uwekwe wapi, kabla greda la kwanza halijawashwa.