Mito ya Posa

Mke wangu aliponiambia wageni wa posa wanakuja na mito ya sebuleni imelala chali, sikwenda dukani. Mtu aliyelelewa kwenye mito ya usufi hamkalishi mkwe juu ya sponji. Usufi nao siku hizi ni wa kutafuta kwa taa, misufi ya mtaani imekatwa, na ukimpata muuzaji anakutajia bei mpaka unamwamkia.

Nikakumbuka dimbwi la Mtopanga. Kuna bwana ana shamba huko, na majini kumeota yale matete yanayompita mtu kimo, majani membamba, na juu ya kijiti kichwa cha kahawia kama mshikaki uliosahaulika mkaani. Ndani ya kichwa kile ni manyoya matupu, kila unyoya umebeba mbegu yake, na kichwa kimoja huweza kuwa na mbegu laki 2 na zaidi. Wala si mimi niliyebuni kuyatumia. Wajapani walipoiteka Java, kisiwa usufi ulikokuwa ukitoka, mwaka 1942 na usufi ukakatika, Wamarekani waliokoteza manyoya ya mimea ya porini, haya yakiwemo, wakayatia kwenye maboya. Yamembeba baharia vitani, nikasema, yatashindwa na mshenga?

Mwenye shamba alifurahi kuniona na panga. "Kata yote, mzee wangu, yananizibia mfereji." Tope likanivua champali moja, nikaiachia. Mmea wenyewe huliwa, mizizi ina wanga, na vumbi la njano la maua watu huchanganya na unga wa ngano. Lakini hufyonza kila uchafu uliomo majini, na maji ya pale yanapitia nyuma ya vyoo vya watu. Nikaona tumbo lisiingizwe kwenye shughuli hii, makalio yanatosha.

Mwenye tuktuk akaniuliza, "Mzee, hii ni dawa ya nini?" Nikamwambia ya mgongo.

Kukifungua kichwa ni kukibana kwa kidole gumba na kusokota. Kwanza hakuna kitu. Halafu ngozi ya kahawia inaachia mahali padogo, na manyoya yanaanza kutoka yenyewe, yanafura, yanakumwagikia kiganjani, hayaishi, mpaka unajiuliza yote yale yalikuwa yamekaa wapi. Kichwa kimoja kikajaza karai. Ilikuwa kaskazi inavuma, ikabidi nifunge madirisha. Jasho likanitoka, manyoya yakanigandia mpaka kwenye nyusi. Nikaona huu sasa utumwa. Vichwa vilivyobaki nikavitia vizima ndani ya foronya, nikavifunika kwa manyoya yaliyokwisha kutoka, nikashona. Mgeni akikaa na kuinuka vitajifungua polepole. Na vilijifungua kweli. Polepole ndiyo iliyokosekana.

Wageni wakaja baada ya Laasiri, kanzu zimepigwa pasi, mbele yao mzee wa ndevu za hina, mtu mzito kwa heshima na kwa kilo. Wanawake wakapita ndani, nyuma ya pazia, mahali ambapo mambo yote huamuliwa. Mzee nikampa mto mnene kuliko yote. Akauegemea.

Pfff.

Akanitazama. Mimi nikatazama kashata. Pfff wa pili, na wa tatu, na mto ukaanza kufura mgongoni mwake, unamsukuma mbele kidogo kidogo, hadi akawa amekaa wima, kidevu juu ya sahani ya mahamri, bado anaeleza jinsi babu zake walivyotoka Siyu. Heshima ile sijapata kuiona tena kwa mtu.

Mke wangu, kwa kuwahurumia wageni na joto, akapitisha mkono penye pazia akawasha pangaboi. Namba 5. Na mshono ukaachia.

Nasema hapa ninayosema kila mahali: mto haukuwa na kosa. Manyoya yale yameumbwa yapeperuke, upepo wa namba 1 ungetosha kabisa.

Sebule ikapotea, tukabaki kusikiana. Mzee akapiga chafya, akasema Alhamdulillahi. Tukamwambia Yarhamukallah. Kabla hajatujibu, ndugu yake akapiga yake, ikabidi tuanze upya. Adabu ni adabu, kila chafya ina haki yake, na mle walikuwamo wanaume wa koo mbili, wote wanapiga na wote wanaombeana rehema. Najua ukimjibu mtu mara tatu inatosha, lakini nani alikuwa anahesabu, na chafya ya nani?

Katikati ya hayo mzee, kwa kuwa alikuja kwa kazi, akaitaja mahari. "Sisi tumekuja na laki... chya!"

Shangazi yangu akapiga kigelegele kule ndani. Kikakatika katikati, unyoya ulishapita pazia ukamwingia. Alipopata sauti akasema amesikia laki tatu, na mashahidi anao. Wageni wanasema walitaja laki na ishirini. Mimi nilisikia chafya.

Pangaboi lilipozimwa, manyoya yakachukua muda wake kushuka. Ndevu za hina zimegeuka nyeupe. Chai ya maziwa imeota koti. Binti yangu alishampigia mchumba wake picha ya wazee wake kabla mimi sijapata ufagio, na ufagio wenyewe hausaidii, ukifagia yanapaa upya. Dawa yake ni kuyanyunyizia maji yalale, ndipo uyazoe kwa kitambaa kibichi. Jirani yangu wa juu bado ananiletea yaliyotua kwenye nguo zake, ananikabidhi mkononi bila salamu.

Posa haikuvunjika. Mshenga amekuja na ujumbe kwamba kikao cha kumalizia mahari kitakuwa kwao, baada ya Idi, na tusijisumbue kubeba chochote. Mito wanayo.