Afadhali ingekuwa sindano

Ukitaja broila mbele ya watu, hakosi wa kusema, "Hao wamechomwa sindano za homoni ili wakue haraka." Nimechoka kubishana. Homoni ya ukuaji ni protini. Kuku akiila itasagwa tumboni kama chakula kingine. Ingebidi achomwe mmoja mmoja, tena mara kwa mara, katika banda lenye maelfu ya kuku. Nani ana muda huo? Marekani yenyewe ilipiga marufuku homoni kwa kuku tangu miaka ya 1950.

Mimi nasema afadhali ingekuwa sindano. Sindano ungeiacha leo, kifaranga wa kesho akapona. Kasi ya broila imo katika damu yake.

Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilihifadhi mbegu za kuku wa nyama za mwaka 1957 na 1978. Watafiti wakazilea pamoja na mbegu ya 2005, kwa chakula kilekile. Siku ya 56 wakawapima: wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti hiyo yote ililetwa na kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi.

Tatizo ni kwamba kidari kimetangulia, na miguu, moyo na mapafu vinakifuata kwa kuchechemea. Moyo ukizidiwa, maji hujaa tumboni. Wengine hupiga mbawa mara chache na kufa, asubuhi walikuwa wazima. Uchunguzi wa kuku 51,000 uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 uliona kwamba wakifika siku 40 hivi, zaidi ya robo yao walikuwa wakitembea kwa shida. Asiyeweza kutembea hukaa, na kukaa juu ya maranda yaliyoloa kinyesi huunguza ngozi ya miguu na kifua.

Je, anaumwa? Mwaka 2000 watafiti waliwawekea broila vyakula viwili, kimoja kikiwa na dawa ya maumivu. Waliochechemea walikula chenye dawa kwa wingi kuliko wazima, na kadiri mguu ulivyozidi ubovu ndivyo walivyozidi kukichagua. Kwangu hilo ni jibu tosha.

Lakini ninaowahurumia zaidi hata picha zao hatuzioni: wazazi. Broila wa kuchinjwa anaishi wiki tano au sita, akila atakavyo. Mama yake lazima aishi zaidi ya mwaka ili atage mayai ya kuanguliwa. Akiachwa ale ashibe, atanenepa kupita kiasi, atalemaa, mayai yatavurugika, na huenda akafa kabla ya wakati. Kwa hiyo hupimiwa chakula. Katika miezi ya ukuaji anaweza kupewa robo au theluthi tu ya kile ambacho angekula kwa hiari yake, akimalize kwa dakika chache, kisha abaki akidonoa chombo kitupu. Tena anayempimia si mkatili: akimwonea huruma atamuua. Ndege amefugwa mpaka shibe imekuwa sumu kwake! Hapo hata ukimpanulia banda, ukamletea mwanga wa jua na maranda makavu (mambo mema yote hayo), njaa itabaki palepale.

Wafugaji wana hoja yao, na ni nzito. Kuku anayekua polepole hula zaidi kwa kila kilo ya nyama, na chakula hicho kinahitaji shamba. Nyama itapanda bei, na asiye na kitu ndiye atakayeumia kwanza. Sina jibu la kuifuta hoja hiyo. Ninachokataa ni kuuita urahisi huu bure, maana kuna anayeulipia kwa miguu yake.

Uholanzi wamejaribu. Kufikia mwisho wa 2023, supamaketi zao zilikuwa zimehamia kuku mbichi wa mbegu za polepole, wanaochinjwa wakiwa na siku 56 au zaidi. Wanatembea vizuri zaidi na wanakufa wachache bandani. Na mama zao hawahitaji kunyimwa chakula kwa kiasi kilekile.