Taya Langu na Kamati ya Harusi

Maandiko yanasema kutakuwa na kilio na kusaga meno. Mimi kilio bado, kusaga nimeshatangulia. Aliyenishtaki ni mama watoto: eti usiku nasaga mpaka jirani atadhani tumefungua mashine ya unga.

Nikaenda kwa daktari wa meno. Nikang'atishwa kitu kama ugali mbichi wa kuchukulia vipimo, baadaye nikakabidhiwa plastiki ya kuvalia kitandani. Bei siitaji, mama watoto anasoma. Usiku wa kwanza nikaaga, "Lala shalama." Alicheka hadi mtoto akaamka.

Leo mwezi wa tatu. Naamka mzima, lakini ikifika saa saba mchana taya linauma mpaka sikioni, na nikipiga mwayo linalia kwaa! Juzi nimenunua hindi la kuchoma pale Ubungo, nimetafuna mstari mmoja, lililobaki nikampa konda.

Nikarudi kwa daktari kudai hela yangu. Akanibonyeza shavuni, nikaruka kwenye kiti. Akauliza, "Mzee, sasa hivi meno yako yamegusana?"

Nikajichunguza. Kugusana? Yameng'ang'aniana kama abiria mlangoni mwa daladala! Kumbe ile plastiki kazi yake ni kuzuia meno yasilike; msuli unaokaza taya wala haiuambii kitu. Na kumbe mtu akitulia, midomo ndiyo inayokutana, meno yanatakiwa yaachane, ulimi upumzike juu. Nina miaka 43, hakuna aliyewahi kunidokeza! Yaani nimeajiri mlinzi wa usiku, mwizi anaingia saa sita mchana, na mwizi mwenyewe ndiye mwenye nyumba.

Akashauri nibandike kikaratasi chekundu kwenye simu, kila nikikiona nilegeze taya. Sasa shida yangu mimi ni hiyo hiyo simu. Nakiona kikaratasi, nalegeza. Chini yake: "Mjumbe, ahadi yako ya laki moja bado hatujaiona, kikao Jumamosi." Nakaza. Nalegeza. Ujumbe wa nyumbani: "Baba, luku inalia." Nakaza. Kabla sijalegeza, mwenye nyumba huyo. Hatumi ujumbe, anapiga.

Kikaratasi nikakihamishia kwenye kioo cha kunyolea. Mama watoto kakiona, akaniita, "Baba watoto, hicho kioo unakiuza bei gani?"