Anayeteleza abaki na kiu

Kuna mchezo wa kuhutubia na kunywa, na wenyewe ni rahisi. Mnakaa mezani, kila mmoja anaokota kikaratasi chenye mada asiyoitegemea, tuseme "faida za kuchelewa kazini", anasimama na kuhutubia kwa dakika mbili. Akitamka "itifaki imezingatiwa", "bila kupoteza muda" au "kwa hayo machache", meza nzima inampigia kelele na anakunywa funda moja. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa orodha hiyo. Nani hajakaa kwenye sendofu akamsikia mwenyekiti wa kamati akisema "mimi sina mengi", halafu akamaliza robo saa?

Tatizo langu ni hiyo adhabu. Anayehutubia vibaya ananyweshwa, akishanyweshwa anaharibu zaidi, basi ananyweshwa tena. Ikifika saa nne usiku aliyelewa ndiye haachii maikrofoni, na msemaji hodari amekaa pembeni na glasi tupu, amenuna.

Wageorgia, wale wa milima ya Caucasus, wamelipanga vizuri zaidi. Kwenye karamu yao iitwayo supra kuna kiongozi wa meza, tamada, ambaye ndiye anayetoa mada: amani, wazazi, waliotangulia mbele ya haki, watoto. Husema yeye kwanza, wengine wakaendeleza palepale alipoishia, na mvinyo hufuata maneno. Kujinywea kimyakimya si adabu. Tamada naye, pamoja na glasi zote hizo, anatarajiwa kubaki na akili zake hadi mwisho. (Hebu mpe kazi hiyo mjomba yeyote unayemjua.)

Kwa hiyo mimi ningeigeuza kanuni: anayemaliza ndani ya muda bila neno hata moja la orodha ndiye anywe, aliyeteleza akae na kiu. Dakika mbili zinatosha. PechaKucha, mtindo wa kuhutubia kwa picha ulioanzia Tokyo mwaka 2003, humpa msemaji picha 20 kwa sekunde 20 kila moja, yaani dakika 6 na sekunde 40. Ukumbini sawa, lakini mbele ya watu wanaosubiri kunywa ni karne nzima.

Wala si lazima iwe bia. Jagi la juisi ya ukwaju yenye barafu, Dar es Salaam, mwezi wa Februari, litamfanya mtu afupishe hotuba haraka kuliko kreti zima. Na wasiokunywa pombe, ambao mezani kwetu ni wengi, hawatageuzwa watazamaji.

Usimamizi apewe yeyote, isipokuwa MC wa harusi. Huyo atataka kwanza tusimame tucheze.