Momenta ya mzunguko inayobebwa na mawimbi ya graviti: ipimwe kutoka wapi?

Mashimo meusi mawili ambayo mawimbi yake ya graviti yalinaswa na LIGO, vigunduzi vya mawimbi hayo vilivyoko Marekani, tarehe 14 Septemba 2015 yalikuwa na tungamo la takriban majua 36 na 29, na yalipoungana likabaki shimo moja la majua 62 hivi. Majua 3 yaliyopungua yaliondoka na mawimbi kama nishati, na hapo hakuna mzozo. Momenta ya mzunguko, yaani kipimo cha mwendo wa kuzunguka, nayo iliondoka, ila ukiuliza ni kiasi gani hasa, jibu hutegemea mtu amesimama wapi kihesabu.

Katika anga isiyopinda, momenta ya mzunguko hupimwa kutoka kitovu fulani, na kitovu kikihamishwa tunajua kanuni ya kurekebisha hesabu. Mwaka 1962 Bondi, van der Burg, Metzner na Sachs walionyesha kwamba, mbali sana na chanzo cha mawimbi, uhuru wa kuhamisha ni mkubwa kupindukia: kila upande wa anga unaweza kusogezewa saa yake peke yake, jambo liitwalo supatranslesheni. Jumla ya nishati haiguswi na uhamisho huo, lakini momenta ya mzunguko huguswa. Tena, wimbi likishapita huacha alama ya kudumu katika umbali kati ya vitu, kwa hiyo fremu (yaani kitovu na saa anazochagua mpimaji) iliyofaa kabla ya wimbi huenda isifae baada yake.

Upande mmoja husema fremu ichaguliwe na itajwe. Upande wa pili, wakiwemo Chen, Wang na Yau, huona kwamba kiasi cha kifizikia hakipaswi kubadilika kwa hiari ya mpimaji, hivyo huongeza katika fomula kijalizo kinachofuta athari ya supatranslesheni. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2020 mwanafizikia Damour alitumia upotevu wa momenta ya mzunguko unaoanzia kwenye kipeo cha pili cha kigezo cha graviti, G (yaani G mara G), kukokotoa jinsi miili miwili inavyopishana na kukengeushana. Mwaka 2022 Veneziano na Vilkovisky wakaonyesha kwamba katika fremu nyingine upotevu huo huanzia kipeo cha tatu. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Hata hivyo, pembe ya kukengeuka, ambayo ndiyo inayoonekana, haiulizi fremu. Isitoshe, fasili zisizobadilika zilizopendekezwa ni zaidi ya moja, na kuchagua kati yake (watetezi wake hawapendi kulisema) ni uchaguzi vilevile. Kwa hiyo naegemea upande wa kwanza, kwa sharti kwamba fremu iandikwe wazi. Baadhi ya wanaokokotoa mawimbi kwa kompyuta tayari hufanya hivyo: hupatanisha fremu, supatranslesheni zikiwemo, kabla ya kulinganisha matokeo yao na makadirio ya fomula.