Lugha ya wenyeji na haki ya kujibiwa upendavyo

Karibu kila anayesafiri ng'ambo huambiwa ajifunze maneno machache ya wenyeji, eti milango itafunguka. Ushauri huo nauunga mkono. Mgeni anayetanguliza salamu ya wenyeji, hata akiivuruga, amekiri kwamba yuko kwa watu, na mara nyingi anayemjibu hulegeza uso na kupunguza kasi. Programu za kutafsiri kwenye simu hufikisha ujumbe, ila wote wawili huishia kukodolea macho kioo.

Tatizo linaanza baada ya salamu. Umekariri vizuri namna ya kuulizia kituo cha treni, unauliza, na mwenyeji, akidhani unaijua lugha, anakumwagia maelezo: daraja, taa za barabarani, kona ya pili. Unatikisa kichwa, unashukuru, na hujaambulia kitu. Ndiyo maana nashauri kuanza na maneno ya kusikiliza kabla ya yale ya kuuliza: kushoto, kulia, namba, na "polepole, tafadhali."

Tusijidanganye pia kuhusu kina cha maneno hayo machache. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takriban saa 2,200 za darasani kuimudu Kijapani au Kiarabu. Wiki mbili za likizo zitakupa adabu tu, na adabu inatosha.

Wapo wanaoona wamedharauliwa wakijibiwa kwa Kiingereza. Mimi namtetea mwenyeji. Mkata tiketi mwenye foleni ndefu mbele yake yuko kazini. Hakuajiriwa kukufundisha, na huenda naye anafurahia kutumia lugha aliyoihangaikia. Mazoezi yasubiri mtu mwenye nafasi, tena aliyeonyesha kwamba anataka mazungumzo.

Halafu, lugha ipi? Kusema Kifaransa ukiwa Ubelgiji si salama kila mahali: Antwerp iko Flanders, ambako lugha rasmi ni Kiholanzi, na mvutano wa lugha nchini humo ni wa siku nyingi. Barcelona, nchini Hispania, Kihispania kinaeleweka na wote, lakini salamu ya Kikatalani, lugha ya wenyeji wa huko, huonyesha kwamba umejua uko wapi.

Hospitalini na polisi, majaribio yakome. Omba mkalimani. Kama una mzio wa dawa, uandikiwe na anayeijua lugha hiyo barabara, na karatasi ikae pamoja na pasipoti.